Daftari la Zamu

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya vilima vya Kidete, Hildegarda alisikia nyundo ya baba yake ikigonga reli. Baba yake, mzee Oswald, alikuwa mkaguzi wa njia ya treni, na kazi yake kubwa ilikuwa kutembea. Alitoka katika nyumba za wafanyakazi wa reli karibu na stesheni akiwa na spana ndefu, nyundo, na bendera mbili, nyekundu na ya kijani. Alifuata reli kilomita saba kwenda na saba kurudi, akikaza boliti zilizolegea na kuangalia kama maji ya mto Mkondoa yamekula kokoto. Akirudi, alimwambia stesheni masta kama njia ni salama au si salama, na treni zilipita au kusimama kwa neno lake.

Hilda, kama wenzake walivyozoea kumwita, alikuwa na miaka kumi na mitatu, tena yuko darasa la saba. Siku za kawaida saa hizo angekuwa anakimbilia kuwahi kuitwa namba shuleni, soksi moja juu na nyingine chini. Lakini ule ulikuwa mwaka wa korona. Shule zilifungwa nchi nzima mwezi Machi, na sasa Aprili ilikuwa inakwisha. Hilda alifagia uwanja, akachemsha uji, akaosha vyombo, na ilipofika saa nne akakaa karibu na redio ya baba yake kusikiliza somo.

Redio ilisaidia, tusiseme uongo. Lakini si kila nyumba ilikuwa na redio, na si kila redio ilikuwa na betri. Watoto ambao wazazi wao walikuwa na simu kubwa walitumiwa maswali kwa simu. Waliobaki, na walikuwa wengi, walichunga mbuzi na kuanza kusahau hata namna ya kujumlisha sehemu. Na mtihani wa kumaliza darasa la saba ulikuwa palepale, unawangoja wote.

Jambo hilo lilimnyima raha Mwalimu Lupakisyo, mwalimu wa hisabati, mtu mfupi mwenye baiskeli ndefu. Mashine ya kurudufu ya shule ilikuwa mbovu, na kwenda Kilosa mjini kutoa nakala za watoto wote kusingewezekana. Basi akanunua makaunta buku yenye jalada gumu, akaandika ndani yake maswali hamsini kwa mkono wake, akawagawa wanafunzi katika vikundi kufuatana na makazi yao. Kila kikundi kilipewa kaunta buku moja. Ndilo watoto walilolipa jina la daftari la zamu.

Masharti yake yalikuwa machache. Unanawa mikono kwa sabuni kabla ya kuligusa. Unanakili maswali, unayafanya kwenye karatasi zako, unaziweka ndani ya bahasha iliyogundishwa kwenye jalada. Unakaa nalo siku mbili tu. Na ukurasa wa mwisho unaandika jina lako, siku uliyolipokea na siku uliyolitoa.

Kikundi cha reli kilikuwa na watu watatu. Wa kwanza alikuwa Yassin, mtoto wa mwenye duka, aliyelipokea Jumatatu kutoka kwa mwalimu mwenyewe. Wa pili alikuwa Hilda, Jumatano. Wa tatu alikuwa Agness, binti wa mzee Shimba, ambaye familia yake ilihamia na ng'ombe kutoka kanda ya ziwa miaka sita iliyopita na kujenga mbali, kupita daraja dogo la chuma. Kwao hakukuwa na redio wala simu kubwa. Kila Ijumaa asubuhi Agness alingoja darajani, na mzee Oswald, akiwa kwenye ukaguzi wake, alimkabidhi daftari. Jumatatu mzee alilichukua palepale na kulirudisha kwa mwalimu.

Matokeo ya wiki ya kwanza yalibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya mwalimu mkuu. Agness arobaini na sita. Hilda arobaini na tatu. Yassin thelathini na tisa.

"Oya, Hilda!" Yassin alicheka mpaka akashika mbavu. "Umepigwa bao na mtu ambaye hata redio hana!"

Hilda alijifanya hakusikia. Tangu darasa la tatu yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza, na wazazi wake walikwisha zoea kuwaambia wageni hivyo kabla hata ya kuwakaribisha chai. Wiki ya pili ikawa vilevile, Agness juu, Hilda chini yake. Aliona wivu, na mwenyewe alijua kabisa kwamba ni wivu.

Wiki ya tatu mwalimu alileta maswali ya asilimia, magumu kweli. Ijumaa ilifika Hilda akiwa amefanya thelathini tu. Alijua kwamba sheria ni siku mbili. Lakini baba yake aliposimama mlangoni asubuhi na kuuliza, "Daftari liko wapi nimpelekee mwenzako?" mdomo wake ulitangulia.

"Yassin hajalileta, baba."

Mzee Oswald akaweka spana begani akaenda zake. Daftari lilikuwa chini ya kitanda, ndani ya sanduku la nguo.

Hilda alikusudia kulitoa kesho yake. Kesho yake akafikiria: nikilitoa leo, baba atauliza limefikaje usiku. Jumatatu Mwalimu Lupakisyo akapita na baiskeli yake kuulizia daftari, na Hilda akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Nilishalitoa Ijumaa, mwalimu. Liko kwa Agness." Na ili maneno yafanane na maandishi, aliingia ndani akafungua ukurasa wa mwisho, akaandika kwamba amelitoa Ijumaa. Sasa alikuwa na uongo wa aina mbili. Kwa baba yake daftari lilikuwa kwa Yassin, na kwa mwalimu lilikuwa kwa Agness. Kazi ikawa kuomba watu hao wawili wasikutane.

Wiki ile hakukuwa na maswali mapya kwa kikundi cha reli, maana daftari halikurudi. Yassin alilalamika. Hilda naye aliyarudia yale hamsini mara tatu, akayajua yote, na wala hakuona raha. Kila siku baba yake alirudi na habari moja.

"Mtoto wa Shimba alikuwa darajani leo tena. Nikamwambia bado liko dukani."

Alisema hivyo Jumamosi. Akasema hivyo hata Jumapili, kwa sababu wakati wa masika mkaguzi wa reli hana Jumapili. Hilda alihesabu asubuhi hizo mpaka zikafika nane.

Asubuhi ya nane ilikuwa Ijumaa. Jioni yake mzee Oswald alikaa kwenye kigoda, akavua mabuti yaliyojaa tope, na hakuwa na furaha.

"Leo nimemkuta na baba yake," alisema. "Wanahama kesho. Mvua zinakwisha, wanapeleka ng'ombe kwenye malisho ya bondeni. Shimba alikuwa amekubali binti yake abaki hapa na bibi yake mpaka shule zifunguliwe. Sasa amebadili mawazo. Anasema shule yenyewe imekwisha mwacha mtoto, yeye amwache hapa amngoje nani? Na huko waendako hakuna shule karibu."

"Kwa hiyo hatafanya mtihani?" aliuliza Hilda.

"Ataufanyia wapi?" Mzee Oswald akapiga buti moja ukutani kukung'uta tope. "Kesho mapema nitapita dukani. Baba yake Yassin atanieleza mbona mwanawe anashikilia daftari la watu wiki nzima. Nitamwambia mbele ya wateja wake."

Scolastica, mama yake Hilda, alikuwa anapakua ugali. Hilda alitazama mvuke ukipanda. Angenyamaza, kesho Yassin angetukanwa bure dukani na Agness angeondoka nyuma ya ng'ombe. Hapakuwa tena na mahali pa kukimbilia. Aliinuka, akaenda ndani, akarudi na daftari, akaliweka juu ya meza karibu na sahani ya baba yake.

"Lilikuwa kwangu, baba. Siku zote hizo. Yassin alilileta siku yake. Na mwalimu nimemdanganya kwamba liko kwa Agness."

Mama alibaki ameshika mwiko. Hilda alingoja makofi, na pengine angeyapenda kuliko yale yaliyofuata, maana baba yake aliongea polepole.

"Asubuhi nane," alisema. "Asubuhi nane nimesimama mbele ya mtoto wa watu nikamwambia daftari liko dukani. Uongo wako umetoka kwa mdomo wangu mimi. Unajua nalipwa kwa ajili ya nini, Hilda? Si kutembea. Hata mbuzi anatembea. Nalipwa kwa sababu nikisema njia ni salama, watu mia tano wanalala ndani ya mabehewa bila wasiwasi."

"Nisamehe, baba."

"Si mimi wa kwanza kuombwa msamaha. Kesho saa kumi na mbili uwe umevaa viatu."

Asubuhi waliondoka pamoja. Daftari lilifungwa ndani ya mfuko wa nailoni kwa ajili ya manyunyu. Mzee Oswald alitembea juu ya mataruma yanayobeba reli, na Hilda pembeni, kwenye kijia cha watu. Kila mara mzee aliinama, akagonga, akasikiliza, akaendelea. Hilda hakuwahi kujua kwamba kilomita saba ni ndefu kiasi hicho, wala kwamba baba yake huzitembea mara mbili kila siku na kurudi nyumbani akiwatania watu.

Walipokuwa wamefika kilomita ya tano, mzee alisimama ghafla. Maji ya usiku yalikuwa yamechimba chini ya reli, na mataruma manne yalining'inia hewani. Alitoa bendera nyekundu akaisimika katikati ya njia, kisha akapiga simu stesheni.

"Si salama," alisema kwenye simu. "Zuieni treni ya mizigo. Leteni gengi la mafundi."

Alipokata simu alimgeukia binti yake. "Mimi siwezi kuondoka hapa mpaka gengi lifike, na linaweza kufika saa tano. Shimba anatoka saa tatu."

Hilda alitazama mbele. Hakuwahi kufika kwa akina Agness hata siku moja. Alisikia tu wana mbwa wakali.

"Fuata njia ya ng'ombe, usipite juu ya reli," alisema baba yake. "Ukifika darajani, pinda kulia penye miti iliyokatwa. Unaogopa?"

"Naogopa."

"Nenda hivyohivyo na woga wako. Haya, kaza mwendo."

Hilda alikaza mwendo. Tope lilimvua kiatu kimoja mara mbili, na mara ya tatu akavibeba vyote mkononi. Darajani hapakuwa na mtu. Kwa mara ya kwanza baada ya asubuhi nane, Agness hakuja kungoja, na Hilda aliona kweli alichokifanya. Aliona alama za miguu midogo iliyokanyaga palepale siku nyingi mpaka majani yakalala. Alilia kidogo, akajifuta kwa kiwiko, akaanza kukimbia.

Mbwa walikuwepo, na walikuwa wakali kweli. Kijana mmoja aliwafukuza kwa fimbo. Ng'ombe walikuwa wamekwisha kutolewa zizini, na katikati ya uwanja kulikuwa na mkokoteni uliopakiwa magodoro, madebe na kuku waliofungwa miguu. Juu ya magodoro alikaa bibi mmoja mwembamba, amekumbatia mfuko wake. Agness alisimama karibu na gurudumu, amevaa sketi ya shule.

"Shikamoo, baba," Hilda alimsalimu mzee Shimba huku anahema. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba," alijibu Shimba. "Wewe si mtoto wa yule mzee wa reli? Kuna nini?"

Hilda alikuwa amepanga maneno njia nzima, lakini yote yalipotea. Alitoa daftari kwenye mfuko akalinyoosha mbele kwa mikono miwili.

"Shule haijamwacha Agness. Ni mimi. Daftari lilikuwa kwangu, nililificha. Nilimdanganya baba yangu, ndiyo maana alikuwa anawaambia liko dukani. Yeye hakujua. Mwalimu naye hajui. Nilifanya hivyo kwa sababu Agness ananishinda."

Agness alilichukua daftari, akafungua ukurasa wa mwisho, akasoma.

"Hapa umeandika umelitoa Ijumaa ya wiki iliyopita," alisema.

"Nilidanganya hapo pia. Nipe kalamu nirekebishe."

Agness alimpa. Hilda aliukata mstari ule, akaandika chini yake siku ya kweli, Jumamosi ile. "Pole sana, Agness," alisema.

"Sitaki pole yako," Agness alijibu, macho yamejaa maji. "Nilitaka hesabu. Siku nane nimekwenda pale na mvua inaninyeshea. Mdogo wangu ndiye aliyechunga zamu yangu ili mimi niende. Unajua hilo?"

Hilda alitikisa kichwa. Hakulijua, wala hakuwahi kujiuliza.

Mzee Shimba alikohoa. "Binti, umefanya vizuri kuja kusema. Lakini ng'ombe hawawezi kungoja daftari. Leo umelileta. Wiki ijayo je? Hapa sisi ni wa mwisho. Kila kitu kinachopita kwa watu kikifika huku kimekwisha. Dawa za mifugo hivyo, mbegu hivyo, na shule hivyo."

Neno hilo lilimwingia Hilda. Ni kweli, Agness alikuwa wa mwisho tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

"Basi lianzie hapa," alisema. "Nitamwomba mwalimu. Jumatatu lije kwa Agness kwanza, kisha liende kwa Yassin, mimi niwe wa mwisho. Nitalileta mwenyewe, kwa miguu yangu. Jumatatu moja nisipoonekana, njooni mumchukue."

"Mwalimu akikataa?"

"Zamu yangu ni yangu, baba. Nikimpa Agness, mwalimu hawezi kukataa."

Shimba alimtazama mtoto yule aliyejaa tope mpaka magotini, viatu mkononi. Kisha akamtazama binti yake, na ng'ombe, na jua. Alikuwa bado anawaza pale sauti ilipotoka juu ya mkokoteni. Bibi alisema maneno machache kwa Kisukuma, kisha akayarudia kwa Kiswahili ili mgeni naye asikie.

"Nishushieni godoro langu. Na sufuria. Mimi na mjukuu wangu tunabaki."

"Mama, tumekwisha kubaliana jana!" Shimba alilalamika.

"Jana tulikuwa hatujui. Sasa tunajua. Shusha godoro, Shimba, mgongo unaniuma."

Mzee Shimba, mwenye ng'ombe mia na themanini na sauti ya kutisha, alishusha godoro.

Mwalimu Lupakisyo alipoambiwa yote, alimpa Hilda adhabu ya kumwomba radhi Yassin mbele ya kikundi, na Hilda akaomba. Kuhusu mpango wa zamu mpya, mwalimu alisema atautumia kwa vikundi vyote. Mwezi mzima wa Juni, kila Jumatatu, Hilda aliongozana na baba yake mpaka darajani. Agness alinawa mikono, akalipokea daftari, akaandika, akasema "Nimepokea," akaenda zake. Hakusema zaidi ya hapo. Hilda naye hakumlaumu. Daftari lilimfikia yeye Ijumaa jioni, likiwa na alama za vidole na harufu ya moshi, na alipaswa kumaliza upesi kabla halijatakiwa. Alama zake zilishuka kidogo, kisha zikaanza kupanda.

Mwisho wa Juni shule zilifunguliwa. Langoni kuliwekwa ndoo za maji na sabuni, na mistari ya chokaa ya kusimamia kwa nafasi. Darasa la saba lilijaa, ingawa si wote waliorudi. Madawati matatu yalibaki matupu, na Mwalimu Lupakisyo aliyatazama kabla ya kuanza kusema.

"Wenzenu hawa nitawafuata kwa baiskeli leo hii baada ya masomo," alisema. "Sasa nisikilizeni. Ugonjwa huu ulitukuta hatuko sawa. Kuna aliyekuwa na simu, kuna aliyekuwa na redio, kuna ambaye hakuwa na kitu. Na mimi, mwalimu wenu, nilipopanga zamu nilimweka wa karibu kwanza na wa mbali mwisho, kwa sababu ilikuwa rahisi kwangu. Hilo lilikuwa kosa langu. Mmoja wenu akaongeza kosa lake juu ya langu, na tungempoteza mwanafunzi."

Hilda alisimama bila kuitwa. "Ni mimi, mwalimu," alisema, wote wakasikia.

"Nafahamu. Kaa, binti yangu." Mwalimu aliweka chaki chini. "Mwaminifu si mtu asiyekosea. Mtu wa namna hiyo sijamwona bado. Mwaminifu ni yule anayerudi mwenyewe mahali alipokosea, kwa miguu yake, kabla mwingine hajalipia kosa lake. Na mkitaka kujua kama mnamtendea mwenzenu haki, msimuulize aliye mbele. Nendeni mkamuulize anayengoja mwisho. Haya, fungueni madaftari yenu, tuna miezi michache tu."

Kengele ya mapumziko ilipolia, watoto walitoka kwa kelele. Hilda alibaki kwenye dawati lake, akijifanya anapanga vitabu. Aliona kivuli kinasimama pembeni yake, akainua macho. Alikuwa Agness, ameshika karatasi iliyofutwafutwa mpaka ikatoboka.

"Swali la arobaini na tatu," alisema Agness. "Nimelirudia mara nne linanikataa. Wewe umelipata?"

"Nimelipata."

Agness aliketi kwenye dawati lile, akaweka karatasi katikati yao. "Nionyeshe," alisema.